Tarehe tatu za kuzaliwa kwa mtu mmoja: usahihishaji uanzie wapi?

Swali

"Wakili, shikamoo. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Mwanza. Cheti changu cha kuzaliwa alikifuatilia baba mdogo mwaka 2015 nilipokuwa ninaingia chuo, na kinasema nilizaliwa tarehe 2 Juni 1998. Mama alikuwa kijijini wakati huo, naye baba mdogo alikumbuka tu kwamba mvua za El Nino zilinikuta mchanga. Kitambulisho changu cha Taifa, nilichojiandikisha mwaka 2019 kwa kutumia cheti cha darasa la saba, kinasema tarehe 6 Februari 1996. Mwezi uliopita mama alifungua sanduku lake akanipa kadi yangu ya kliniki, nayo inasema tarehe 2 Juni 1996, na chanjo ya surua imeandikwa tarehe 5 Machi 1997. Mama anasema msiba wa meli ya MV Bukoba ulimkuta na mimba yangu ikiwa pevu. Sasa nimeitwa kazini serikalini na ninatakiwa kuwasilisha vyeti. Mtu mmoja ameniambia niape tu kwamba tarehe zote ni zangu. Mwingine anadai shilingi laki tatu anitolee cheti kipya kinachofanana na kitambulisho. Baba mdogo anasema nibaki na 1998, nitapata miaka miwili zaidi ya mshahara. Nifanye nini, na nianzie wapi?"

Jibu

Marahaba, binti yangu. Nimefurahi umeuliza kabla hujawasilisha chochote, kwa maana tarehe ikishaingia katika jalada la mtumishi, kuitoa ni kazi kubwa kuliko kuiingiza. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba tarehe ya kuzaliwa haichaguliwi, inathibitishwa. Ushahidi ulionieleza unaelekea upande mmoja tu, nao ni tarehe 2 Juni 1996. Kwa hiyo utaanza na cheti cha kuzaliwa, kisha Kitambulisho cha Taifa, halafu kumbukumbu nyingine zote zilizochota kwenye viwili hivyo. Shauri la kiapo lina ukweli nusu, nami nitalieleza. Mashauri mengine mawili uyaache kabisa.

Tuanze na makosa yenyewe, kwa sababu hayafanani, na ofisi nazo haziyachukulii sawa. Kosa lililo katika kitambulisho ni kosa la kalamu. Chukua kipande cha karatasi uandike 02/06/1996. Mtu anayeanza kusoma kwa siku atapata tarehe 2 Juni, na anayeanza kwa mwezi atapata tarehe 6 Februari. Mwaka 2019 ofisi za vitambulisho zilikuwa na foleni ndefu za watu waliotakiwa kusajili laini zao za simu kwa alama za vidole, na fomu nyingi zilijazwa na kuingizwa kwa haraka. Sasa itazame namba yako ya utambulisho. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, hivyo bila shaka yako inaanza na 19960206. Kama tarehe ingeingizwa sawasawa, ingeanza na 19960602. Hakuna aliyekukusudia ubaya, ni tarakimu mbili tu zilizopishana mahali. Kosa la namna hii huonekana kwa macho pale nyaraka mbili zinapowekwa pamoja mezani.

Kosa la cheti ni la aina nyingine, kwa kuwa linagusa kiini cha jambo. Mwaka 1998 haukutokana na tarakimu kupishana, ulitokana na kumbukumbu ya mtu aliyetoa taarifa. Sheria ya Uandikishaji wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kizazi kiandikishwe ndani ya siku 90. Wewe uliandikishwa baada ya miaka mingi, na katika usajili uliochelewa kiasi hicho msajili hana budi kutegemea anachoelezwa na anachoonyeshwa. Mvua za El Nino zilinyesha kuanzia mwishoni mwa 1997 hadi miezi ya mwanzo ya 1998. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyebebwa mgongoni katika matope yale, machoni pa shemeji asiyekaa nyumba moja na mama, ni "mchanga" tu. Ninamwelewa baba yako mdogo, na ninaomba usigombane naye, kwa sababu utamhitaji aandike jinsi alivyoitoa taarifa ile. Hata hivyo, kwa kuwa kosa ni la kiini, haitatosha kumwonyesha msajili kwamba kalamu iliteleza. Itakupasa kuleta ushahidi wa ukweli wenyewe.

Ushahidi huo umeushika mkononi. Katika kazi yangu nimeona watu wakidharau kadi ya kliniki kwa sababu imechakaa na haina muhuri wa kupendeza, wakakimbilia barua mpya ya mtaa iliyopigwa chapa vizuri. Kwa uzito wa ushahidi, mambo ni kinyume. Barua ya mtaa imeandikwa leo, kwa ombi lako, na mtu ambaye huenda hakuwapo ulipozaliwa. Kadi ya kliniki iliandikwa kidogo kidogo, na mikono tofauti, kwa kalamu tofauti, wakati ambapo hakuna aliyekuwa na faida yoyote katika kuongeza au kupunguza umri wako. Wewe ni muuguzi, unajua ninachokisema. Chanjo za kifua kikuu na polio hutolewa mtoto akiwa na siku chache, za dondakoo, kifaduro na pepopunda hufuata kwa wiki, na ya surua huja mtoto akitimiza miezi tisa. Hesabu miezi tisa kutoka tarehe 2 Juni 1996 utafika tarehe 2 Machi 1997, na surua yako imeandikwa siku tatu baadaye. Mtoto aliyezaliwa Juni 1998 hawezi kuchanjwa surua Machi 1997. Ukiuweka ukweli huo mbele ya msajili pamoja na nukta za uzito zinazopanda mwezi kwa mwezi, utakuwa umemaliza sehemu kubwa ya hoja yako bila kupandisha sauti.

Usiishie kwenye kadi peke yake, kwa kuwa msajili atapenda kuona nyaraka za vyanzo mbalimbali zinazokubaliana. Nenda shule ya msingi uliyosoma, umwombe mwalimu mkuu barua inayonukuu daftari la uandikishaji wa mwaka ulioanza darasa la kwanza, ikitaja namba yako ya kuandikishwa. Barua hiyo inukuu daftari, isiseme tu kwamba "mwalimu mkuu anathibitisha". Kama ulibatizwa utotoni, parokia au usharika huwa na daftari la ubatizo lenye tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kubatizwa, na nakala ya ingizo la daftari ina nguvu kuliko cheti kilichoandikwa upya mwaka jana. Kama ulizaliwa katika kituo cha afya, ulizia pia kumbukumbu za wodi ya wazazi, ingawa za miaka ile si kila kituo kimezitunza.

Simulizi ya mama yako nayo usiione kuwa ni mazungumzo ya jikoni tu. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, nchi ikaomboleza siku tatu, na pale Igoma, Mwanza, pangali na makaburi ya waliozikwa. Mama anayekumbuka kwamba alizuiwa kwenda msibani kwa sababu mimba yake ilikuwa imefika siku zake, na kwamba alijifungua kabla majirani hawajamaliza kupeana pole, anaifunga siku yako ya kuzaliwa kwenye tukio ambalo tarehe yake haina ubishi. Zimepita siku 12 kutoka ajali ile hadi tarehe 2 Juni. Wazee wetu wengi hawakuandika tarehe, ila walijua kupima wakati kwa matukio, na anayetayarisha ushahidi wa umri anapaswa kuwasikiliza kwa makini, atafute tukio lenye tarehe inayojulikana na kupima umbali wake.

Hapo ndipo kiapo kinapopata nafasi yake. Kiapo chenyewe hakibadilishi tarehe yoyote, kazi yake ni kumleta shahidi mbele ya ofisi kwa maandishi. Shauri ulilopewa, la kuapa kwamba "tarehe zote ni zangu", linaweza kusaidia baadaye kueleza kwamba mtu anayetajwa katika nyaraka mbili ni yule yule, lakini haliwezi kumwambia msajili ni ipi iliyo kweli, maana hakuna mtu aliyezaliwa mara tatu. Tena lina kasoro ambayo watu wengi hawaioni: wewe huwezi kuapa kama shahidi wa kuzaliwa kwako, kwa sababu hukuwa na ufahamu siku ile, na ulichonacho ni ulichoambiwa. Anayeweza kuapa kwa ujuzi wake mwenyewe ni mama yako. Kwa hiyo ninashauri viapo vitatu vifupi. Mama aeleze kwamba alikuzaa, lini, wapi, na jinsi anavyoikumbuka siku hiyo. Baba mdogo aeleze kwamba ndiye aliyetoa taarifa mwaka 2015, kwamba hakuwa na kadi ya kliniki, na kwamba alikadiria mwaka. Wewe ueleze jinsi nyaraka zako zilivyopatikana, lini uligundua tofauti, na uiambatishe kadi.

Sehemu ya kiini ya kiapo cha mama inaweza kusomeka hivi: "Kwamba mimi ni mama mzazi wa mwombaji, kwamba nilimzaa tarehe 2 Juni 1996, siku chache baada ya ajali ya MV Bukoba, kwamba kadi ya kliniki iliyoambatishwa nilipewa mimi kituoni nilipompeleka mtoto, nami nimeitunza tangu wakati huo, kwamba sikuwapo wakati taarifa za cheti cha kuzaliwa zilipotolewa." Maneno yawe yake. Kama hajui kusoma, kiapo kinapaswa kuonyesha kwamba alisomewa kwa lugha anayoielewa akakubali. Mwishoni, pale kamishna wa viapo, ambaye mara nyingi ni wakili, anapotia sahihi, pawe na mahali kiapo kilipofanyika, tarehe, jina la kamishna na muhuri wake. Nimewahi kuona viapo vyenye maelezo mazuri vikirudishwa kwa sababu pale mwishoni mahali hapakutajwa au tarehe iliachwa wazi, na mama mzee akalazimika kupanda basi mara ya pili kwa ajili ya nafasi moja iliyosahauliwa. Isome sehemu hiyo kabla hujaondoka ofisini kwa wakili.

Ukiwa na mkoba huo wa nyaraka, nenda ofisi ya usajili ya wilaya kilipoandikishwa cheti, ambayo kwa kawaida hupatikana katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Jambo la kwanza kuomba pale ni upekuzi wa daftari. Cheti ulichonacho ni nakala ya ingizo lililo katika daftari la vizazi. Ikiwa daftari linasema 1996 na cheti kimeandikwa 1998, kosa lilitokea wakati wa kunakili, na njia yako ni fupi mno. Ikiwa daftari lenyewe linasema 1998, kama ninavyotazamia, ndipo unapowasilisha ombi la kusahihisha ingizo. Andika barua kwa Msajili ukitaja namba ya ingizo iliyo kwenye cheti, kilichoandikwa, kinachotakiwa kuandikwa na sababu, kisha uambatishe cheti halisi, viapo na ushahidi. Ukurasa mmoja unatosha. Usianze na historia ya maisha. Mwambie afisa katika sentensi mbili za mwanzo anachotakiwa kufanya, naye atasoma mengine kwa utulivu.

Malipo ya serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba, ambayo wengi huiita kontroo namba, inayotolewa na mfumo wenyewe kwa jina lako. Mtu anayetaka fedha mkononi, au zitumwe kwenye simu yake, hafanyi kazi ya ofisi hata kama amesimama kwenye korido yake. Ninakuja hapa kwa yule wa laki tatu, nami nitasema bila kuficha, kwa sababu nimewaona waliolia. Cheti anachokuahidi kishoka ama ni cha kughushi kabisa, ama ni usajili wa pili wa mtu aliyekwisha kusajiliwa. Kikiwa cha kughushi, siku mwajiri atakapokipeleka RITA kuhakikiwa hakitaonekana daftarini. Kikiwa usajili wa pili, utaonekana mara mbili, kwa tarehe mbili, na wewe ndiye utakayeulizwa ni kwa nini. Kughushi na kuapa uongo ni makosa ya jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Tena fikiria kwamba cheti chake kingekupa tarehe 6 Februari 1996, tarehe ambayo kadi yako, mama yako na chanjo zako zote zinaikana. Ungelipa fedha ili uandikwe uongo, hali ukweli umelala sandukuni kwa mama yako.

Cheti kilichosahihishwa kikishatoka, ndipo uende ofisi ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, yaani NIDA, ya wilaya unayoishi. Mpangilio huu ni wa lazima kwako, kwa sababu hati ya msingi watakayoitaka NIDA ni hicho cheti cha kuzaliwa, na ukienda nacho kikiwa bado kinasema 1998 watakusahihishia kosa kwa kosa. Chukua pia kitambulisho chenyewe, kadi ya kliniki na nakala za viapo, uombe marekebisho ya taarifa na ujiandae kuthibitishwa kwa alama za vidole. Kwa kuwa tarehe imo ndani ya namba ya utambulisho, usiondoke dirishani kabla hujaelezwa namba yako itasomekaje baada ya marekebisho. Halafu kaa chini uorodheshe kila mahali ulipotumia namba ya sasa: laini za simu, benki, namba ya mlipakodi, bima ya afya, mfuko wa hifadhi ya jamii ikiwa hospitali binafsi ilikuchangia, na Baraza la Uuguzi na Ukunga linalokupa leseni. Kote huko peleka nakala ya cheti kipya na barua, ubaki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Benki au kampuni ya simu ikikwambia kwamba haiwezi kubadili kilichomo katika mfumo wake, ieleze kwa upole kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zilizokosewa zisahihishwe.

Sasa turudi kwa baba mdogo. Hesabu yake si ya ajabu, maana katika utumishi wa umma mtu anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na analazimika kustaafu akiwa na 60. Kwa tarehe ya kweli ungestaafu Juni 2056, na kwa tarehe ya cheti cha sasa Juni 2058. Ninaelewa kwa nini mzee anayekupenda anakuona ukiacha fedha mezani. Lakini wewe tayari umeiona kadi, na umeniandikia kwamba umeiona. Kabla ya siku ile, 1998 lilikuwa kosa la mtu mwingine. Ukiijaza leo katika fomu ya ajira na kutia sahihi kwamba taarifa zako ni za kweli, linakuwa lako. Nilimhudumia mzee mmoja, dereva, ambaye jalada lake la kazi lilikuwa na mwaka mmoja na kadi yake ya mfuko ilikuwa na mwaka mwingine. Miaka thelathini hakuna aliyeuliza. Aliulizwa siku alipodai mafao, akiwa ameshakabidhi funguo za gari na mshahara umesimama, na waliomjua utotoni wamekwisha kufariki. Tulitafuta daftari la ubatizo katika misheni mbili kabla ya kulipata. Sipendi kukuona wewe katika benchi lile mwaka 2056, mama akiwa hayupo tena wa kuapa.

Kuhusu mwito wa kazi, usiuache upite kwa hofu, wala usiwasilishe vyeti vinavyogongana ukitumaini hakuna atakayetazama. Ripoti kwa tarehe uliyopangiwa, na uwasilishe pamoja na vyeti vyako barua inayoeleza kwamba umegundua tofauti ya tarehe ya kuzaliwa, kwamba umeshawasilisha ombi la kusahihisha, na uambatishe stakabadhi ya malipo au barua yako yenye muhuri wa kupokelewa. Ndiyo maana ninakuhimiza uende kwa msajili wiki hii, hata kama kiapo cha baba mdogo hakijakamilika, ili siku ya kuripoti uwe na kitu cha kuonyesha. Mwombe afisa utumishi akuelekeze kwa maandishi jinsi ya kujaza sehemu ya tarehe wakati ombi likishughulikiwa, na usijaze kwa kubahatisha. Tarehe unayoijaza unapoajiriwa mara ya kwanza ndiyo itakayobeba hesabu ya kustaafu kwako, na waajiri hawapendi kuigusa tena baadaye, kwa sababu nzuri tu: wamewaona wengi wanaokumbuka umri mpya wakiwa na miaka 59.

Ombi lako likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi anayekataliwa hukuta kwamba hakukosa haki, alipungukiwa hati moja, na hati hiyo hupatikana. Sababu ikiwa haieleweki, mwone wakili, na kama gharama ni kikwazo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wapo katika wilaya nyingi na wanaweza kukusaidia kuandika barua na kufuatilia. Jambo moja unaloweza kuambiwa njiani ni kwamba ufanye hati ya kubadili jina na kuisajili kwa Msajili wa Nyaraka. Hati hiyo ni ya jina. Mtu anaweza kwa hiari yake kuliacha jina moja na kuchukua jingine, lakini siku ya kuzaliwa haiachwi kwa hiari, na hati hiyo itakupotezea fedha bila kusogeza shauri lako. Wasomaji walio Zanzibar wafahamu kwamba haya niliyoeleza kuhusu RITA ni ya Tanzania Bara, na kwamba kwao usajili wa vizazi uko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar.

Kabla hujatoka nyumbani, ipige picha kadi ya kliniki pande zote, mwangani, kwa ukaribu unaowezesha kusoma kila tarehe ya chanjo, kisha toa nakala na umpelekee kamishna wa viapo azithibitishe akiwa ameiona kadi halisi. Usiipitishe kwenye mashine ya kuifunika kwa plastiki, kwa sababu afisa atataka kuishika karatasi yenyewe na kuona wino ulivyoingia. Iweke kwenye bahasha ngumu, usiikunje pale ambapo imeshaanza kukatika, na usimwachie mtu yeyote dirishani bila kuandikishana. Ukimaliza, mrudishie mama aiweke sandukuni mwake, maana miaka yote hii ndiye aliyeitunza.